Kaske ya dola 35 kutoka Birere: tathmini ya mtu anayehudumia walioumia kichwa

Kaske, yaani kofia ngumu ya pikipiki, ninayoitathmini hapa ni ile nyeusi inayofunika kichwa kizima pamoja na kidevu, yenye kioo cha kupandisha na kushusha, ambayo siku hizi imejaa katika maduka ya vipuri vya pikipiki ya Birere na pembezoni mwa soko la Virunga hapa Goma. Muuzaji aliianzia dola 45, tukaafikiana 35. Jina la kiwanda silitaji, kwa kuwa rafu moja hubeba kaske za majina manne zenye umbo lile lile, na anayekwenda kununua itambidi asome lebo badala ya kutegemea jina lililochorwa ubavuni. Kazi yangu ni mazoezi ya tiba: ninawasaidia watu waliotoka hospitalini kujifunza upya kutembea, kushika kijiko na kufuata mazungumzo ya watu wawili kwa wakati mmoja. Wengi wao waliumia kichwa kwenye pikipiki. Kwa hiyo sikuinunua kaske hii kwa kuuliza kama inapendeza, wala kama ni ngumu, bali kwa kuuliza ni kwa kiasi gani inaweza kuzuia nyuzi za ubongo zisivutwe.

Ugumu ndio anaouuza mwenye duka. "Mama, hii haipasuki hata ukiikanyaga kwa gari," aliniambia, kisha akaigonga ukutani kwa nguvu ili nijionee. Nilimwomba anipe nyingine ambayo haijagongwa. Alicheka, lakini alinipa, na ombi langu halikuwa mzaha. Gamba la nje hulinda dhidi ya ncha za mawe na husambaza pigo lisitue mahali pamoja, ila kinachomeza pigo ni tabaka lililo chini yake, la polistireni, yaani povu gumu na jepesi lenye unene wa sentimita tatu au nne hivi. Kichwa kinapogonga barabara, chembe za povu hilo hupondeka, na kichwa ambacho kingesimama ndani ya sehemu chache za elfu za sekunde huongezewa muda kidogo wa kusimama. Muda huo mdogo ndio bidhaa yenyewe. Chembe zikishapondeka hazirudi kama zilivyokuwa, na kwa hiyo kila onyesho la dukani linaweza kula sehemu ya kinga kabla mnunuzi hajafika nyumbani. Anayetaka kuhakikisha kwamba tabaka hilo lipo na avue kitambaa cha ndani, maana katika kaske nyingi za bei ya chini chini ya kitambaa hakuna povu gumu, bali sifongo laini ya kiti, ambayo inastarehesha tu. Katika niliyoinunua polistireni ipo, tena imezunguka hadi juu ya masikio. Kwenye kidevu ni nyembamba kuliko nilivyopenda.

Kuhusu fuvu kupasuka sina haja ya kuandika mengi, kwa sababu kila mtu Goma amekwisha kuona au kusikia. Ninaotaka kuwazungumzia ni wale ambao fuvu lao halikupasuka. Wanaletwa kwangu na ndugu zao wakiwa na picha ya skana iliyoandikwa kwamba hakuna damu wala mvunjiko, na bado kijana ambaye zamani alikumbuka deni la kila mteja sasa anasahau alikokuwa akielekea, anachelewa kujibu swali jepesi, anachoka kabla ya saa sita, anafoka bila sababu. Familia husikia kwamba picha ni safi na kuamini kwamba basi tatizo ni tabia, au ni jambo la kupelekwa katika chumba cha maombi. Skana ya kawaida huona vizuri damu na mfupa. Nyuzi za neva zilizoharibika moja moja, zikiwa zimetawanyika ndani ya sehemu nyeupe ya ubongo, mara nyingi haizioni kabisa.

Maelezo ya jinsi nyuzi hizo zinavyoharibika ni ya tangu Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1943 mwanafizikia wa Oxford, A. H. S. Holbourn, alionyesha kwa hesabu na kwa gelatini iliyotiwa katika umbo la fuvu kwamba tishu za ubongo hustahimili sana kubanwa, lakini hushindwa upesi pale tabaka moja linapolazimishwa kuteleza juu ya jingine. Kinachozitelezesha tabaka hizo ni kichwa kuzungushwa ghafla. Mtu aliyewahi kubeba mtindi wa Masisi ndani ya kibuyu anaweza kulifahamu jambo hili bila hesabu: ukikizungusha kibuyu kwa ghafla, ganda linakwenda, mtindi wa katikati unabaki nyuma, na pale unapokutana na ulioshika ukuta, unapasuka. Mwaka 1956 Sabina Strich, naye wa Oxford, alichunguza ubongo wa watu walioishi miezi mingi baada ya ajali bila akili zao kurudi, akakuta sehemu nyeupe imeharibika kwa upana ambao majeraha ya wazi ya kichwa hayakutosha kuueleza. Akapendekeza kwamba nyuzi zilivutwa na kukatwa ajali ilipotokea. Kisha mwaka 1982 Thomas Gennarelli na wenzake wakaonyesha, kwa majaribio ya nyani, kwamba kichwa kikizungushwa kwa kasi mnyama anaweza kuingia katika koma bila kichwa chake kugonga kitu chochote, na kwamba mzunguko wa kuelekea ubavuni ulikuwa mbaya kuliko ule wa mbele na nyuma. Msomaji aliyewahi kuona pikipiki ikianguka anajua inavyomlaza dereva ubavu.

Uzi wenyewe, ambao wataalamu wanauita aksoni, ni mkono mrefu wa seli ya neva. Unene wake mara nyingi ni kama sehemu moja ya elfu ya milimita, huku urefu wake ukiweza kuvuka kutoka upande mmoja wa ubongo hadi wa pili au kushuka mpaka kwenye uti wa mgongo. Daraja linalounganisha nusu mbili za ubongo peke yake lina nyuzi takribani milioni 200. Ndani ya kila uzi kuna vijitubu vya protini vilivyopangika kwa urefu, na juu yake husafirishwa kila kitu ambacho ncha ya mbali inakihitaji ili iishi, kwa kuwa ncha hiyo haina uwezo wa kujitengenezea mahitaji yake yote.

Aksoni ikivutwa polepole hurefuka na kurudi bila madhara. Ikivutwa kwa haraka hukakamaa, na vijitubu vya ndani, ambavyo havina unyumbufu wa kufuata mwendo huo, vinavunjika. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba uzi wote hukatika papo hapo. Mwaka 1983 John Povlishock na wenzake wa Virginia, Marekani, walionyesha kwamba mara nyingi sivyo, na majaribio ya baadaye ya seli zilizokuzwa maabara yalionyesha aksoni zikivutwa haraka kupita nusu ya urefu wake bila kukatika, kisha zikabaki zimejikunja kama mawimbi, huku vijitubu vikiwa vimevunjika kwenye kilele cha kila wimbi. Hapo ndipo kazi ya uharibifu inapoanza. Sodiamu inaingia kupita kiasi kwenye utando wa uzi, kalsiamu inafuata, na kalsiamu hiyo inaamsha vimeng'enya ambavyo vinameng'enya mihimili ya ndani ya uzi. Usafirishaji unasimama mahali vijitubu vilipovunjika, mizigo inarundikana, uzi unavimba, na baada ya saa kadhaa au siku kadhaa unaachana vipande viwili. Kwa rangi maalumu za maabara mrundikano huo unaonekana ndani ya saa mbili au tatu tangu ajali. Kipande kilichotengana na mwili wa seli hufa.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu linabadilisha namna ya kumtazama mtu aliyeanguka na kusimama mwenyewe, akajipangusa vumbi na kusema ni mzima. Huenda ni mzima kweli. Huenda pia nyuzi zake zimo katikati ya safari hiyo ya saa kadhaa, na hilo linatosha kumfanya apumzike siku kadhaa badala ya kurudi kijiweni jioni ile ile. Niongeze hapa, ingawa si kiini cha tathmini: anayezidi kusinzia, kutapika au kuumwa kichwa baada ya kuanguka apelekwe hospitalini mara moja, kwa maana hiyo inaweza kuwa damu inayokusanyika ndani ya fuvu, na damu inaweza kutolewa.

Nyuzi zilizokwisha kuachana haziungwi tena. Neva ya mkono iliyokatika inaweza kuota upya kwa kadiri ya milimita moja kwa siku, nami nimefurahia mara nyingi kuona vidole vikirudi kufanya kazi. Lakini nyuzi za ndani ya ubongo haziko hivyo, na tunachofanya katika mazoezi ni kuzizoeza njia zilizobaki kubeba kazi ya zile zilizopotea. Dawa zimejaribiwa. Zile za jamii ya kotikosteroidi zilitumika kwa miaka mingi kwa majeraha ya kichwa hadi jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2004, lililohusisha watu wazima zaidi ya 10,000, lilipoonyesha kwamba waliopewa dawa hizo walikufa zaidi kuliko wasiopewa. Ndiyo sababu mtu wa fani yangu anaandika kuhusu kaske, si kuhusu kidonge.

Sasa lebo. Kwenye mkanda wa kidevu wa kaske hii imeshonwa lebo nyeupe yenye herufi E ndani ya duara, pamoja na namba ya nchi iliyotoa idhini chini ya Kanuni ya 22 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu kaske za pikipiki: 1 ni Ujerumani, 2 ni Ufaransa, 3 ni Italia, 4 ni Uholanzi, 9 ni Hispania. Namba ya idhini inayofuata inaanza na 05 au 06, ambazo ni tarakimu za toleo la kanuni. Herufi P baada ya mkwaju (/) ina maana kwamba sehemu ya kidevu imepimwa kama kinga. J ni ya kaske iliyo wazi usoni. NP inaonya kwamba kidevu kipo ila hakilindi, na kaske za NP zinauzwa hapa bila yeyote kumweleza mnunuzi. Ya kwangu ni 05 na P. Katika rafu ile ile niliziona nyingine za umbo hilo ambazo E yao ilikuwa karatasi iliyogandishwa nyuma ya kaske, bila namba yoyote. Hizo sikuzihesabu kuwa na lebo.

Toleo la 05 lina upungufu unaonihusu moja kwa moja. Vipimo vyake vya pigo huangusha kaske na kupima jinsi kichwa cha bandia kinavyosimamishwa kwa mstari ulionyooka; havipimi jinsi kichwa hicho kinavyozunguka. Ni toleo la 06, lililoanza kutumika Januari 2021, lililoongeza pigo la mshazari dhidi ya chuma kilichoinamishwa kwa pembe ya digrii 45, pamoja na kikomo cha mzunguko. Kwa maneno mengine, madhara niliyoyaeleza hapo juu, ambayo ndiyo yanayojaza chumba changu cha mazoezi, hayakuwa sehemu ya mtihani ambao kaske hii ilifaulu. Baadhi ya viwanda vya Ulaya hutia ndani ya kaske tabaka jembamba linaloteleza milimita kumi au kumi na tano wakati wa pigo ili kichwa kisifuate mzunguko wote wa gamba. Wazo hilo lilitoka Sweden, kwa daktari wa upasuaji wa ubongo Hans von Holst na mhandisi Peter Halldin. Birere sijaliona tabaka hilo katika kaske yoyote niliyoivua kitambaa.

Hata hivyo singependa msomaji aondoke hapa akidhani kaske ya 05 haina faida. Mapitio ya mwaka 2008 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya tafiti nyingi za waendesha pikipiki, yalikadiria kwamba kaske hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 na hatari ya kufa kwa asilimia 42. Povu linalorefusha muda wa kusimama hupunguza pia sehemu ya mzunguko, ingawa si kwa kiwango kile kile. Na gamba laini lililo duara lina faida nyingine katika mji huu: linateleza. Pale barabara ilipo juu ya makoro, mawe ya volkano yenye ncha, kitu chochote kinachoshika jiwe kinageuza anguko kuwa msokoto wa shingo na kichwa. Kwa hiyo pembe za plastiki, manyoya na taa ambazo motari wetu, yaani madereva wa pikipiki za abiria, wanapenda kubandika juu ya kaske zinanikera kuliko mikwaruzo ya rangi. Ya kwangu ilikuja na pezi dogo la plastiki nyuma; nililibandua, likatoka bila shida, jambo ambalo naliandika kwa upande wa sifa.

Kuhusu kukaa kichwani, pima mzunguko wa kichwa kwa utepe wa fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi. Sentimita 57 au 58 ni M katika viwanda vingi. Kaske ya saizi sahihi hubana mashavu kiasi cha kukufanya uongee vibaya dukani. Ukiishika kwa mikono miwili na kuigeuza, ngozi ya uso inapaswa kuifuata. Kisha funga mkanda na mwombe mtu aivute kutoka kisogoni kuelekea mbele. Ikivuka paji la uso, rudisha. Hii ilifaulu majaribio yote mawili ilipokuwa mpya, na baada ya miezi michache sifongo ya mashavu imelegea kidogo lakini haijaachia. Kifungo chake cha meno kinafungika hata kwa mkono uliolowa. Kioo ndicho dhaifu: vumbi la mji limekichubua haraka, na usiku, taa za magari zikielekea kwako, kila mchubuko unawaka. Kioo kingine cha saizi yake hakipatikani katika duka lile.

Ninasikitika zaidi kuhusu kaske ya abiria, nayo ni sehemu ya tathmini hii kwa sababu muuzaji huwapa motari kaske ya pili kwa bei ya chini kama nyongeza. Niliikagua: ni ya nusu kichwa, haina polistireni, ni saizi moja kwa watu wote, na mkanda wake ni wa kufunga kwa fundo. Abiria mwanamke mwenye misuko huipachika juu ya nywele bila kuifunga, au huiweka mapajani, na siwezi kumlaumu, maana imevaliwa na watu wote wa mtaa tangu asubuhi. Kaske isiyofungwa huondoka kichwani kabla kichwa hakijafika chini. Kama motari angelipia dola 70 kwa kaske mbili zinazolingana badala ya 35 na nyongeza, abiria wake wa kila siku, hasa wale wa mtaa wa Ndosho wanaosafiri umbali mrefu barabarani, wangekuwa na sababu ya kumchagua. Najua 70 si pesa ya kuokota kwa mtu anayepeleka hesabu ya kila siku kwa mwenye pikipiki.

Za mtumba kutoka Ulaya nazo huuzwa, nyingine za majina makubwa, kwa bei isiyopita sana hii. Sizipendekezi, kwa kuwa hakuna anayeweza kukuambia ni ipi ilikwisha kuanguka, na povu lililopondeka halionekani kwa nje.

Kwa anayeendesha mwenyewe na asiyeweza kupata toleo la 06, kaske hii yenye lebo iliyoshonwa ya 05 na P inafaa kwa bei yake, mradi iwe ya saizi yake na aichague kutoka boksi ambalo halijafunguliwa. Nilipokwenda mara ya mwisho M na L zilikuwapo kwa wingi. S, ambayo ingewatosha wanawake wengi na vijana wa sekondari, muuzaji alisema haagizi.